Mume wangu anataka tuchome madaftari ya wateja. Nifanye nini?

Shikamoo Mshauri,

Nina famasi mbili hapa Morogoro. Nilianza na duka la dawa muhimu la mlango mmoja, Mungu akabariki, na leo tuko watu sita kazini, akiwemo binti wa dada yangu ambaye nimemlea tangu kidato cha kwanza. Nakuandikia nikiwa na wiki mbili sijalala vizuri.

Kaunta tuna daftari kubwa. Humo tunaandika wateja wetu wa kudumu: jina, namba ya simu, dawa anayotumia, siku aliyochukua na siku itakayoisha, ili tumpigie kabla haijamkatikia. Wateja wanapenda sana. Wazee wa presha na kisukari huniambia, "Mwanangu, usingenipigia ningesahau." Daftari hilohilo, ukilifungua kwa nyuma, ndimo yalimo madeni.

Wiki mbili zilizopita tulipata sare mpya. Binti yangu akajipiga picha kaunta, akaiweka kwenye stetasi ya WhatsApp ya duka. Daftari lilikuwa wazi mbele yake. Kuna mtu akaikuza ile picha, akasoma jina la mteja wetu mmoja ambaye ni mwalimu, na dawa anayotumia, ambayo ni ya sonona. Akapiga skrinishoti. Jumatatu walimu wenzake walikuwa wanaitazama chumba cha walimu.

Mwalimu alikuja jioni tukiwa tunafunga. Akasubiri watu wote watoke. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Nilihamia kwako kwa sababu kule nilikokuwa walikuwa wanataja dawa yangu kwa sauti." Kisha akasema anakwenda kulalamika Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Mimi ndiyo kwanza nasikia kwamba kuna Tume ya jambo hilo.

Sasa kila mtu ana lake. Mume wangu anasema nichome madaftari yote, pasipo karatasi hakuna kesi. Kuna kijana wa suti na mkoba amekuja dukani, anasema kwa milioni moja na nusu atanipa furushi zima la sera na fomu, nikishalipa nimemaliza. Jirani yangu mwenye duka la vipodozi ananicheka, eti sheria hiyo ni ya mabenki na kampuni za simu. Dada yangu kila siku analia kwenye simu akidhani nitamfukuza mwanawe.

Nieleze na mengine usije ukasema sikusema. Dawa nyingine tunazipeleka kwa bodaboda, kwenye mfuko ulioandikwa jina la mteja. Watu hunitumia picha za vyeti vya daktari kwenye simu ya duka, na jioni naondoka na simu hiyo, wanangu huchezea gemu. Tuna kamera nne. Mauzo tunaingiza kwenye mfumo ambao kuna fundi alitufungia. Na mwaka jana mwakilishi wa mauzo ya virutubisho aliniomba namba za wateja wa kisukari, nikampa kama mia mbili hivi, akaniachia katoni mbili za bidhaa yake. Lakini hayo ni madogo, tatizo ni hiyo picha.

Nichome? Nimlipe yule kijana? Nianzie wapi?

Mama Dawa, Morogoro

*

Marahaba, mdogo wangu.

Usichome. Nimeanza na hilo kwa sababu mwenye kiberiti mkononi hasubiri barua iishe.

Shemeji yangu anadhani karatasi ndiyo kosa. Sheria unayoiogopa inalinda taarifa za watu dhidi ya kuanikwa, na inazilinda pia dhidi ya kuharibiwa kiholela. Anayefuta au kuteketeza taarifa binafsi kinyume cha sheria anakabiliwa na faini kuanzia shilingi 100,000 hadi milioni 10, au kifungo hadi miaka mitano, au vyote viwili. Ukichoma leo, siku chache baada ya mteja kukwambia usoni kwamba anakwenda Tume, hakuna mpelelezi atakayeamini kwamba mlikuwa mnafanya usafi. Isitoshe, wewe ni mtu wa dawa. Kumbukumbu za dawa zinazotolewa kwa cheti zina taratibu zake, na mkaguzi wa Baraza la Famasi akija hutamwonyesha majivu. Na yule mzee wa presha, utampigia kwa namba ipi?

Jirani yako wa vipodozi naye mjibu kwa upole. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni Namba 11 ya mwaka 2022, na ilianza kutumika Mei 1, 2023. Inasimama juu ya ibara ya 16 ya Katiba yetu, ile inayompa kila mtu haki ya faragha yake. Inamwita "mkusanyaji" yeyote anayeamua taarifa za watu zikusanywe kwa lengo gani na kwa njia gani. Haikuuliza ana matawi mangapi. Benki ni mkusanyaji, na wewe mwenye daftari la kaunta ni mkusanyaji, na yeye mwenye orodha ya kina mama wanaochukua losheni kwa mkopo ni mkusanyaji. Tofauti yenu na benki ni kwamba benki ina chumba kizima cha wanasheria.

Tena wewe uko mahali pagumu kuliko yeye. Sheria ina kundi inaloliita taarifa binafsi nyeti, na afya imo humo, pamoja na taarifa za watoto, imani ya mtu, alama zake za mwili na miamala yake ya fedha. Kuchakata taarifa za namna hiyo kunataka ridhaa ya maandishi ya mwenyewe, ukiacha hali chache ambazo sheria yenyewe imezitaja. Daftari lako, mdogo wangu, karibu kila mstari ni nyeti. Hata yale madeni ya nyuma, kama umeandika "Mama Fulani, 18,000, dawa za fangasi", umechanganya pesa na ugonjwa kwenye mstari mmoja.

Sasa picha. Nenda kwa mwalimu. Nenda wewe mwenyewe, usimtume mchungaji wala mjumbe, na usimpigie simu kabla ya kujua kama anaweza kuzungumza, maana hujui nani anashika simu yake nyumbani. Mwambie picha ilikaa kwenye stetasi kwa saa ngapi na iliondolewa lini. WhatsApp huonyesha nani ameitazama stetasi ikiwa bado ipo. Kama hukuwahi kuangalia, sema hivyo. Mwambie umebadilisha nini tangu siku ile, na kabla hujaenda hakikisha kweli umebadilisha. Usimpelekee zawadi. Usimwombe asiende Tume. Ana haki ya kwenda, na ana haki ya kudai fidia kwa madhara aliyoyapata. Ukimsihi aache, utakuwa umemtwisha kazi ya kukuonea huruma wakati aliyeumia ni yeye.

Halafu itaarifu Tume wewe mwenyewe. Sheria inamtaka mkusanyaji aijulishe Tume mapema iwezekanavyo pale usalama wa taarifa unapovunjika, na wiki mbili si mapema. Andika barua fupi: nini kilionekana, lini, kilionekanaje, nani kaathirika, umechukua hatua gani. Ukurasa mmoja unatosha. Ikitangulia barua ya mwalimu au ikifuata, vyovyote vile, ni bora ikutwe ipo.

Usidhani picha ni jambo jepesi kwa kuwa imepigwa kwa furaha ya sare. Majirani zetu Kenya wana sheria yao ya mwaka 2019, na mwezi Septemba 2023 Kamishna wao wa Ulinzi wa Data alitangaza adhabu ambazo ziliwaamsha wafanyabiashara wengi. Klabu moja ya Nairobi ilipigwa faini ya shilingi za Kenya 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Shule moja ikapigwa 4,550,000 kwa picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi. Hao walionyesha sura tu. Ninyi mmeonyesha jina na dawa.

Binti yako usimfukuze. Simsemei, kosa amefanya, na mtu anayefichua taarifa za wengine isivyo halali sheria inaweza kumfikia yeye binafsi. Lakini jiulize nani aliamua daftari la magonjwa ya watu likae wazi mahali ambapo mteja anaegemea kiwiko akihesabu chenji. Kabla ya ile picha, ni wateja wangapi walilisoma juu chini wakisubiri dawa zao? Nilifanya kazi masjala ya hospitali nikiwa kijana. Mafaili tulikuwa tunayabeba kifuani, jalada limegeukia ndani, na mzee wetu wa masjala alikuwa akikuona umelishika nje anakurudisha hadi mlangoni uanze safari upya. Hatukuwa na sheria ya taarifa binafsi wakati ule. Binti yako hakuwahi kupata mzee wa namna hiyo, na huyo mzee ulipaswa kuwa wewe.

Nimesoma barua yako mara tatu. Picha umeieleza kwa aya mbili, na watu mia mbili umewamaliza kwa sentensi moja, ukaongeza kwamba "hayo ni madogo". Hapo ndipo nilipoacha kunywa chai yangu.

Picha ilikuwa bahati mbaya juu ya uzembe. Orodha uliitoa kwa mkono wako, kwa mtu uliyemjua, ukapokea katoni mbili. Wale watu walikupa namba zao ili uwakumbushe dawa. Mwakilishi alizitaka ili awauzie virutubisho. Hayo ni malengo mawili tofauti kabisa, na moja ya kanuni za msingi za sheria hii ni kwamba taarifa iliyokusanywa kwa lengo moja haitumiki kwa lengo lingine ambalo mwenyewe halijui. Tena hukumpa namba tupu. Kwa kusema tu "hawa ni wateja wa kisukari" umemweleza ugonjwa wa watu mia mbili kwa pumzi moja. Kosa la kufichua taarifa isivyo halali lina faini ya shilingi 100,000 hadi milioni 20 au kifungo hadi miaka 10, au vyote viwili, akiwa ni mtu binafsi. Ikiwa ni kampuni, faini inaanzia milioni moja na inaweza kufika bilioni tano. Sijasema wewe utapewa hayo. Nimeyaandika ili uone sheria inaweka uzito wake wapi.

Na kuna uzito mwingine usioandikwa kwenye kifungu. Mgonjwa wa kisukari anapigiwa simu na sauti asiyoijua, inamtaja kwa jina, inajua sukari yake, inamwambia kuna unga utakaomwezesha kuacha vidonge. Kwa nini asiamini? Ni nani mwingine anayejua hali yake zaidi ya famasi yake? Ataona ni ninyi mmemtuma. Akiacha metformin, dawa yake ya sukari, mwezi mmoja, wewe mwenye elimu ya dawa unajua atakakofikia.

Orodha ikishatoka hairudi yenyewe, na wala haiishii kwa mtu mmoja. Wote tumeona namba za watu zinavyogeuzwa silaha kwenye zile programu za mikopo ya mtandaoni, mtu anachelewa kulipa, shemeji zake na bosi wake wanatumiwa ujumbe wa kumwaibisha. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza kuzifungia 69 zilizokuwa zinafanya kazi bila leseni. Simlinganishi mwakilishi wako na watu hao. Nasema hujui simu yake ameiuza kwa nani, wala ameajiriwa wapi leo.

Kwa hiyo mwandikie, kwa maandishi, siyo kwa simu. Mtake asitishe kuzitumia zile namba, azifute, akujulishe kwa maandishi kwamba amezifuta na kama alimpa mtu mwingine amtaje. Nakala ipeleke kwa kampuni iliyomtuma. Kisha waambie wateja wenyewe. Najua moyo umekuruka hapo. Wapigie kidogokidogo wakati ule ule unapowakumbusha dawa: "Mzee, mwaka jana namba yako niliitoa kwa mtu wa virutubisho bila kukuuliza. Nilikosea. Akikupigia, si sisi tuliomtuma, na dawa yako usiiache." Wengine watakasirika, na wawili watatu watahama. Na kwa suala hili, tofauti na la picha, umwone wakili kabla hujaandika neno lolote kwenda Tume, kwa sababu linagusa jinai na mimi si wakili wako. Katoni kama zipo bado, usiziuze.

Nakuja kwa kijana wa mkoba. Huenda si tapeli. Wapo washauri wazuri wa mambo haya na kazi yao ina thamani. Lakini yeyote anayekwambia "ukilipa umemaliza" anakuuzia usingizi. Cheti cha usajili kinatolewa na Tume peke yake, maombi yanafanyika kwenye mfumo wake wa mtandaoni, na kikitoka kinadumu miaka mitano. Kukusanya au kuchakata taarifa za watu bila kusajiliwa ni kosa lenyewe, hata kama hujawahi kumwonyesha mtu daftari. Rais Samia alipoizindua Tume hiyo Aprili 3, 2024, alizitaka taasisi za umma na za binafsi ziwe zimejisajili ifikapo Desemba mwaka ule. Baadaye muda ukasogezwa mbele, na sisi kama kawaida yetu tukachukulia kusogezwa kuwa ni kusamehewa. Jisajili wiki hii. Tume ina mamlaka ya kutoza faini ya hadi shilingi milioni 100 bila kwenda mahakamani.

Mwulize kijana swali moja tu: "Kwenye furushi lako, daftari langu la kaunta liko ukurasa wa ngapi?" Kama sera yake inafaa famasi, kiwanda cha saruji na shule ya chekechea bila kubadilisha neno, mwache aende nayo. Sera nzuri huandikwa na mtu aliyekaa dukani kwako mchana mzima akiangalia.

Na huo mchana unaweza kuukaa wewe mwenyewe bila kumlipa mtu. Chagua mteja mmoja, tuseme mama wa presha anayeletewa dawa nyumbani, umfuate kuanzia anapokutumia picha ya cheti hadi bodaboda anapogonga mlango wake. Kila mahali jina lake linapotua, simama uandike. Limetua kwenye simu ya duka. Limetua kwenye daftari, kwenye mfumo wa mauzo, kwenye mfuko, kwenye mdomo wa dereva. Pengine pia kwenye barua pepe ya binti yako, kwa sababu ndiye aliyeifungua ile akaunti siku simu inanunuliwa na picha zote zinajihifadhi huko zenyewe. Kila mahali jiulize: hili linahitajika hapa kwa nini, na litaondoka lini? Utashangaa ni mara ngapi jibu ni "tulizoea tu".

Nitakupa niliyoyaona kwenye barua yako, mengine utayaona wewe. Daftari lihame kaunta leo, likae kwenye droo yenye kufuli, na madeni yapate daftari lake ambalo halina jina la dawa hata moja. Mfuko wa bodaboda ufungwe kwa pini, uandikwe namba ya oda, jina na mtaa avipate dereva pembeni. Hana haja ya kujua anabeba nini. Kamera hazina shida kubwa, weka tangazo kwamba zipo, na ile inayotazama pale mteja anapochomwa sindano igeuze. Fundi wa mfumo ndiye ambaye sheria inamwita mchakataji, anayeshika taarifa kwa niaba yako, naye anatakiwa kusajiliwa. Mfanye mkataba wa maandishi, na muulize taarifa zenu zinahifadhiwa wapi hasa. Akisema ziko kwenye seva nje ya nchi usibabaike, ila ujue kusafirisha taarifa nje kuna masharti yake, kuna kibali, na anayewajibika kukiomba usiku wa manane hatakuwa yeye.

Ridhaa ndiyo inayowatisha wengi, wanadhani ni fomu ya kurasa nne. Chapisha kikaratasi kimoja, mteja asome au asomewe, asaini:

"Famasi hii inaandika jina lako, namba yako ya simu na dawa unazotumia ili ikukumbushe kabla hazijaisha. Hatumpi mtu mwingine taarifa hizi bila idhini yako isipokuwa sheria ikitulazimisha. Unaweza kuomba kuziona, kuzirekebisha, au kutuambia tuache kukupigia, siku yoyote, na utaendelea kuuziwa dawa kama kawaida."

Hayo maneno ya mwisho usiyakate. Ridhaa ya mtu anayeogopa kunyimwa dawa si ridhaa. Na mteja akikataa, mkubalie, umwandikie tarehe yake ya kurudi kwenye bahasha ya dawa. Bibi yangu alikumbuka dawa zake miaka kumi na moja kwa mafundo ya kamba, njia zipo.

Sheria pia inakutaka uteue afisa wa ulinzi wa taarifa binafsi. Kwa duka lako si lazima awe mtu mpya mwenye kiti chake. Ni mmoja wenu atakayejua kufuli ziko wapi, atakayepokea mteja anayetaka kuona kilichoandikwa juu yake, na atakayekwambia "hapana" hata wewe bosi unapoletewa katoni. Hapo mimi ningemfikiria binti yako. Kwa sasa hakuna mtu Morogoro nzima anayeogopa kosa hili kuliko yeye, lakini kwanza aende na wewe kwa mwalimu, kama mwalimu atakubali kumwona. Asipokubali, asilazimishwe.

Dada yako mpigie leo, umtoe wasiwasi. Shemeji mwambie kiberiti akipeleke jikoni. Na ile simu ya duka, kuanzia usiku huu ilale dukani, nywila ibadilishwe, na wanao watafute gemu kwingine.